Tyubu ya Elfu Tatu na Goti Langu la Kulia

Bidhaa yenyewe ni jeli ya diklofenaki, dawa ya maumivu, ya asilimia 1, tyubu ya gramu 30, shilingi elfu tatu hapa Ngamiani, Tanga. Kampuni siitaji, kwa sababu nimeshatumia za kampuni tatu na tofauti pekee niliyoiona ni ya kifuniko: cha moja kilipasuka siku ya pili, nikamalizia tyubu nikiwa nimeifunga mpira wa kichwani wa mjukuu. Dawa iliyomo ni ileile.

Nilifundisha baiolojia miaka 31, mingi yake kidato cha tano na cha sita, na maabara yetu ilikuwa ghorofani. Ngazi zile nilizipanda nikiwa nimebeba hadubini, nimebeba mimba, nimebeba ndoo ya vyura. Nilipostaafu nilidhani magoti yatashukuru. Kumbe ndiyo kwanza yakaanza kudai malimbikizo yao. La kulia likawa halinyooki asubuhi mpaka nilibembeleze, na nikishuka kwenye baiskeli nilikuwa nasubiri kwanza watu wapite wasione ninavyoshuka. Tanga mtu usipopanda baiskeli unaonekana mgeni, kwa hiyo jambo hili liliniuma kuliko goti lenyewe.

Eksirei ikaonyesha gegedu, ule mto laini wa kwenye ncha za mifupa, limelika, mifupa imekaribiana. Nikaandikiwa vidonge vya diklofenaki, miligramu 50 asubuhi na jioni. Siwezi kuvisema vibaya kwa upande wa goti: siku ya tatu nilikwenda sokoni Mgandini na kurudi kwa miguu. Lakini wiki ya tatu nikaanza kuungua chembe cha moyo, usiku hasa, nikawa naamka kunywa maziwa kama paka. Nilipomweleza kijana aliyeniuzia (duka silisemi, ni karibu na kwangu na bado nalihitaji), akanijibu, "Mwalimu, kula kwanza ushibe ndiyo unywe." Nilikuwa nakula na kushiba. Chakula hakikuwa na kosa lolote.

Kilichonitia aibu ni kwamba sababu ya kuungua kule nimeifundisha kwa miaka 31, nimeitungia maswali, nimewapa watu sifuri kwa kutoijua. Halafu nikakaa wiki tatu namlaumu pilipili.

Ngoja niieleze hapa, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini tyubu ya elfu tatu naisifu kuliko vidonge vilivyofanya kazi haraka zaidi yake.

Seli ina namna zake za kupeleka neno. Ikitaka mwili mzima usikie, inamwaga homoni kwenye damu. Hiyo ni mbiu ya mgambo: insulini inapigwa kwenye kongosho, inasikika mpaka kwenye kigimbi cha mguu. Lakini maneno mengi ya mwilini hayafiki huko. Ni maneno ya uani. Seli inaachia kemikali kidogo kwenye majimaji yaliyoizunguka, kemikali inasambaa kwa majirani wa karibu, anayehusika anaipokea kwa kipokezi chake, na kabla neno halijafika mtaa wa pili limeshavunjwavunjwa. Vitabu vinaita mawasiliano ya parakraini. Wanafunzi wangu waliita umbea, na kwenye mtihani wa ndani niliwahi kumpa msichana alama yake aliyeandika hivyohivyo, kwa sababu maelezo yaliyofuata yalikuwa sahihi yote.

Katika goti langu umbea huo unaitwa prostaglandini E2. Jina ni kosa la zamani. Mwanasayansi Ulf von Euler wa Sweden aliikuta kwenye shahawa katika miaka ya 1930, akadhani imetoka kwenye tezi ya prosteti, akaipa jina la tezi. Baadaye ikajulikana kwamba karibu kila seli ya mwili inaweza kuitengeneza, hata za kope. Kila mwaka nilipofika hapa darasa la wavulana lilihitaji dakika tano kutulia.

Sasa sikia uzuri wake. Seli haiweki akiba ya prostaglandini ghalani. Inaitengeneza palepale neno linapotakiwa, na malighafi inaitoa kwenye utando wake wenyewe: kimeng'enya kimoja (protini inayofanya kazi za kikemikali) kinabandua asidi ya arakidoniki kutoka kwenye mafuta ya utando, kingine kinachoitwa saiklooksijenesi kinaidaka na kuigeuza. Yaani seli iliyoumizwa inang'oa kipande cha ukuta wake ikaandikie barua. E2 ikifika kwenye mishipa midogo ya jirani, mishipa inatanuka, damu inaongezeka, goti linakuwa la moto. Ikifika kwenye ncha za neva, kwa kawaida haizipigishi kelele yenyewe. Inafanya jambo la hila zaidi: inazifanya ziwe nyepesi kushtuka. Ndiyo maana goti lililovimba linauma kwa kuguswa na kanga tu. Kanga haina kosa, neva imeshachongewa.

Na neno hili halisafiri. Likiponyoka likaingia kwenye damu, linafika mapafuni na huko linakomeshwa: kupita mara moja tu kwenye mapafu kunaharibu zaidi ya asilimia 90 ya E2. Ugomvi wa goti unabaki gotini.

Hapo ndipo diklofenaki inapoingia. Inakaa kwenye saiklooksijenesi, kimeng'enya kinashindwa kuidaka ile asidi, barua haziandikwi. Ndivyo zinavyofanya kazi ibuprofeni na aspirini pia. Aspirini ilianza kuuzwa 1899, watu wakaimeza miaka sabini na ushee bila mtu kujua inafanya nini, mpaka mwanasayansi John Vane kule London alipoonyesha mwaka 1971 kwamba inazuia kutengenezwa kwa prostaglandini. Mwaka 1982 akapewa tuzo ya Nobel pamoja na Waswidi wawili, Bergström na Samuelsson. Nikiwaambia wanafunzi kwamba dawa inaweza kutibu vizazi viwili kabla haijaeleweka, walikuwa wanadhani natania.

Shida iko hapa. Prostaglandini E2 ni ileile moja, lakini kila uani ina maana yake, kwa sababu vipokezi vyake ni vya aina nne na kila seli inacho cha kwake. Tumboni E2 inawaambia majirani: toeni ute, toeni bikaboneti, punguzeni asidi, ukuta usije ukaliwa. Kwenye figo inaacha mlango wa mshipa wazi ili damu iingie ya kutosha. Kwenye ubongo inapandisha homa. Kwenye mji wa mimba inabana misuli, na kila aliyewahi kuwa matroni wa bweni la wasichana anajua mbano huo unavyofanana siku za hedhi.

Kidonge hakijui hayo. Kinaingia kwenye damu na kufunga midomo ya mji mzima kwa sababu ya ugomvi wa nyumba moja. Goti langu likanyamaza, na tumbo langu nalo likanyamaza, likaacha kutoa ute, asidi ikapata nafasi. Pilipili niliyemsingizia nimeshamwomba radhi.

Basi jeli. Hoja yake ni kwamba ukiipaka gotini, dawa inapenya ngozi na kujikusanya kwenye tishu za hapohapo, na kinachoingia kwenye damu ni kidogo: mtu akipaka goti moja kwa kipimo kamili, dawa inayozunguka mwilini ni kama asilimia 6 ya ile ya vidonge. Unamnyamazisha anayepiga kelele, wengine wanaendelea na mazungumzo yao. Kwa karatasi ni hoja safi. Nilitaka kuiona kwa macho.

Nikafanya jaribio. Magoti ninayo mawili na yote yanauma, la kulia zaidi. La kulia likapata jeli, la kushoto likapata mafuta ya nazi, mara tatu kwa siku, kuchua kwa muda uleule, dakika mbili kwa saa ya ukutani. Kila jioni nakwenda kwa binti yangu Chumbageni kuwaona wajukuu, na kwake kuna ngazi 34. Nilikuwa nikifika juu nakaa kwenye kiti cha mlangoni, naandika kwenye daftari maumivu ya kila goti kwa alama kuanzia 0 hadi 10 kabla sijaamkiwa shikamoo. Siku 14.

Siku tatu za kwanza: hakuna kitu. Kulia 7, kushoto 6, kulia 7, kushoto 6. Nikaanza kuisikitikia elfu tatu yangu. Siku ya tano kulia likaandikwa 5. Siku ya tisa 4, likabaki hapohapo mpaka mwisho. La kushoto nalo, la mafuta ya nazi, likashuka likafika 5. Kwa hiyo la kulia limepata nafuu ya alama tatu na la kushoto ya alama moja, na hiyo moja lazima niitoe kwenye tatu kabla sijaisifu jeli, kwa sababu kuchua kwenyewe ni tiba na matumaini nayo ni tiba.

Mtu makini ataniambia nilijua goti lipi limepata nini, kwa hiyo nimejidanganya. Nakubali. Nilimpa mjukuu vikopo viwili visivyo na jina avijaze yeye, asiniambie. Mafuta ya nazi yananukia mpaka barabarani. Jaribio likafa hapo.

Tafiti za wenye maabara hazipishani sana na daftari langu. Zilizokusanywa pamoja kwa watu wenye magoti yaliyochakaa kama mimi zinaonyesha kwamba baada ya wiki 6 hadi 12, kati ya watu 10 waliopaka diklofenaki, kama 6 walipata nafuu kubwa. Kati ya 10 waliopaka jeli tupu isiyo na dawa, kama 5 walipata nafuu hiyohiyo. Ndiyo, umesoma vizuri. Sita kwa tano. Kwa kifundo kilichoteguka au msuli uliovutika habari ni tofauti kabisa, ushindi ni mkubwa: kama 8 kwa 2. Kwa hiyo kijana aliyeteguka mpirani Mkwakwani atafaidi tyubu hii kuliko bibi yake. Nadhani sababu ni kwamba kifundo kilichoteguka leo kina umbea mbichi tu, wakati goti la uchakavu lina mengi zaidi ya prostaglandini.

Na hili ndilo ambalo maboksi hayasemi. Gegedu halina mishipa ya damu. Seli zake zimekaa kila moja kwenye kijumba chake, zinaishi kwa kile kinachopenyeza kutoka kwenye majimaji ya kiungo. Utando unaozunguka kiungo ukikasirika, unaachia ishara nyingine, zikiwemo zile zinazoitwa saitokini, zinapenyeza mpaka kwenye seli za gegedu na kuziamuru zitoe vimeng'enya vinavyolila gegedu lenyewe. Seli inasikiliza majirani inabomoa nyumba yake. Diklofenaki haizigusi amri hizo kwa namna ya kurudisha gegedu. Eksirei yangu itabaki ileile hata nikipaka tyubu mia. Anayekuuzia jeli akikwambia "inajenga mifupa", mwombe chenji yako.

Sasa malalamiko, na kubwa ni la ukubwa wa tyubu.

Maelezo ya tyubu ya kwanza yalisema upake "kiasi cha kutosha". Kutosha kwa nani? Ya pili ilikuwa imeuzwa bila karatasi ya maelezo, boksi limepondeka. Kipimo kamili cha goti moja kinachoandikwa Marekani kwa jeli hii ya asilimia 1 ni gramu 4 kwa mara moja, mara nne kwa siku. Jirani yangu anaoka keki za harusi na ana mizani ya jikoni ya dijitali, nikaenda kupima. Gramu 4 ni nyingi! Ni mstari mnene unaozidi urefu wa kidole changu cha kati. Mimi nilikuwa natumia kama gramu 2.

Piga hesabu. Gramu 4 mara nne ni gramu 16 kwa siku. Tyubu ya gramu 30 haimalizi siku ya pili. Kwa mwezi ni tyubu 16, shilingi 48,000, goti moja. Kwa kipimo changu cha kibahili, gramu 2 mara tatu, tyubu inakaa siku tano na mwezi unakula 18,000. Pensheni yangu inaelewa hesabu hiyo ya pili, tena kwa shingo upande. Naamini watu wengi wanaosema "ile jeli haina lolote" walipaka tone kama la dawa ya meno, asubuhi tu, siku mbili, wakaacha. Watengenezaji wangeweza kuuza tyubu ya gramu 100 yenye kadi ya kupimia. Huko nje zipo. Madukani kwetu sijaiona.

Lalamiko la pili ni maandishi ya boksi. Ukikuta moja limeandikwa asilimia 1 na jingine 1.16, usilipe zaidi kwa kudhani la pili ni kali. Ni chumvi mbili tofauti za dawa moja, na nguvu zinalingana. Halafu nyingi zinazouzwa zimechanganywa na mentholi na salisileti ya methili, ile harufu ya chumba cha wachezaji. Mentholi inagusa vipokezi vya baridi kwenye ngozi, unahisi ubaridi dakika ileile, unasema "naam, imeingia". Haijaingia. Diklofenaki haina hisia yoyote ikipakwa, haina moto wala baridi, na kazi yake inachukua siku. Mimi sina ugomvi na mentholi, dawa ya kuchua ya kopo dogo inakaa chini ya mto wangu toka ujana na nikiwa na mafua silali bila hiyo. Ila nilipotaka kujua jeli inafanya nini, nilitafuta iliyo tupu, na niliipata duka la tatu. Dada wa duka hilo alinisomea viambato vyote kwa sauti bila kuombwa, halafu akaniuliza kama natumia dawa ya presha. Sikumtarajia. Nikamuuliza kasoma wapi, akacheka akasema, "Marahaba zako zote nimezila, mwalimu, ulinifundisha kidato cha tano." Sikumkumbuka hata kidogo, nikajifanya namkumbuka.

Swali lake la presha lilikuwa na maana. Dawa hizi zinaweza kupandisha presha na kuzibana figo, vidonge zaidi, jeli kidogo, lakini kidogo si sifuri. Diklofenaki haina mzaha na figo za kiumbe asiyeiweza. Huko India na Pakistani wafugaji waliwapa ng'ombe wao wanaoumwa, waliokufa kwa maradhi yao tumbusi wakala mizoga yao, na tumbusi wakaanguka kwa mamilioni kwa figo kufeli. Watu walihangaika miaka kutafuta ugonjwa gani unawaua ndege. Mwaka 2004 ikatangazwa kuwa ni dawa hii, na 2006 India ikapiga marufuku kuitengeneza kwa ajili ya mifugo. Huwa nawaza habari hiyo kila ninapoona mtu anakunywa vidonge hivi kama karanga.

Matumizi ya kila siku: jeli ni nyeupe, laini, inakauka baada ya dakika tano hivi na haichafui kanga. Ina harufu nyepesi ya spiriti. Unanawa mikono baada ya kupaka, isipokuwa kama mikono ndiyo inayouma. Mimi mara moja nilisahau nikafikicha jicho, nikalia machozi ya kweli robo saa huku simu ya shemeji inaita. Usipake penye kidonda. Usifunge bendeji ya kubana juu yake, maana ngozi iliyofunikwa inapitisha zaidi ya ulichokusudia. Na usiichanganye na vidonge vya jamii hiyohiyo ukidhani unaongeza nguvu goti peke yake.

Wajawazito waachane nayo, hasa miezi ya mwisho, na nitaeleza kwa nini kwa sababu ndilo jambo zuri kuliko yote niliyowahi kufundisha. Mtoto tumboni hapumui, kwa hiyo ana mshipa wa mkato unaoipitisha damu pembeni isiende mapafuni. Kinachouacha mshipa huo wazi ni E2. Unakumbuka niliposema mapafu ndiyo yanayoiharibu? Kwa mtoto damu ya mapafuni ni kidogo, E2 inabaki, mshipa unabaki wazi. Siku anapozaliwa anavuta pumzi ya kwanza, oksijeni inapanda, damu inamiminika mapafuni, E2 inaanza kuvunjwa, na mshipa unajifunga wenyewe ndani ya siku chache. Mama akitumia dawa inayozima E2 kabla ya wakati, mshipa unaweza kujifunga mtoto akiwa bado ndani. Nikilieleza hili darasani hata wale wa dirisha la nyuma walikuwa wanaacha kuchora.

Jirani wa keki, mwenye mizani, aliona goti langu linavyopanda baiskeli akaitaka jeli. Ana vidonda vya tumbo miaka mingi. Akaja jioni, akakaa, akafunua tumbo. "Shoga, nami nipake hapa chembe cha moyo, maana pananichoma." Nilimshika mkono tyubu ikiwa imeshafunguliwa. Nikamwambia tumbo lako linalia kwa kukosa maneno, wewe unataka kumletea wa kufunga midomo. Akaniangalia. Nikaanza upya: ute, asidi, ukuta. Tuliishia kwenye chai na akakubali kurudi kwa daktari wake, ila aliondoka na sura ya mtu aliyenyimwa.

Alama nimeipa 68 kwa 100, C ya juu. Imekosa B kwa sababu ya gramu 30 na kwa sababu ya ile karatasi isiyosema gramu. Vidonge ningevipa 80 kwa goti na 20 kwa tumbo, na mtihani wa mwili haukuruhusu kuchagua maswali.

Nimeshanunua ya nne. Baada ya jaribio kuisha goti la kushoto nalo limeondolewa kwenye mafuta ya nazi, kwa hiyo tyubu sasa zinakwisha siku ya tatu, na moja naificha ndani ya kopo la majani ya chai kwa sababu jirani bado anauliza.